SUMAKU YA KUTIBU WASWASI: TUUZE SHAMBA AU TUANZIE HAPA HAPA?

Leo bei ya mpunga tuiweke pembeni kidogo. Nina jambo limenikaa rohoni na nimeona nilimwage hapa, maana najua sipo peke yangu.

Mwezi uliopita ukoo wetu ulikaa kikao hapa Ndungu. Ajenda ilikuwa moja tu: tuuze shamba moja la mpunga ili kaka yangu apelekwe India akatibiwe kichwa kwa sumaku. Ndiyo, sumaku. Baba mdogo aliyeko Dar alitutumia video kwenye simu, dakika mbili hivi. Dada wa Kizungu amekaa kwenye kiti kama cha daktari wa meno, kavishwa helmeti kubwa, mashine inagonga ta-ta-ta-ta, halafu anatabasamu na kusema amerudishiwa maisha yake. Chini wameandika tiba imethibitishwa Marekani. Mama alipoiona alilia. Mimi mwenyewe kwenye kikao nilinyoosha mkono nikasema tuuze.

Sasa nimebadili mawazo, na naandika kueleza kwa nini. Niseme mapema, mi si daktari, elimu yangu imeishia kidato cha nne, na haya nimeyasoma usiku kwa kuungaunga bando. Kaka amepitia kila mstari kabla sijaurusha. Karuhusu yote isipokuwa jina lake, na yuko sahihi.

Kaka ana miaka 29. Ilianza na udhu. Udhu wa dakika tatu ukawa wa dakika arobaini, akisimama kuswali moyo unamwambia kisigino hukukiosha, anarudi bombani. Baadaye ikaja kufuli ya ghala. Anafunga, anavuta, anaondoka hatua kumi, anarudi. Kuna usiku nilihesabu akarudi mara 15, mpaka mbwa wa jirani wakachoka kubweka. Mikono yake imepasuka kwa sabuni kama ya mtu anayechanganya saruji. Na jambo ambalo watu hawalielewi ni hili: anajua kabisa kwamba amefunga. Anajua mikono ni safi. Akili yake ni nzima, anapiga hesabu za magunia kuliko sisi wote nyumbani. Lakini ndani kuna kitu hakimruhusu kuondoka.

Kila mtu alitoa tafsiri yake. Bibi alisema jini. Majirani walisema uvivu wa kwenda shamba. Hospitali moja tuliyompeleka (siitaji, yaliyopita yamepita) wakampa vidonge vya usingizi. Akalala vizuri sana, akaamka akaenda kunawa. Aliyekaribia ukweli kuliko wote alikuwa ustaadh wa madrasa. Alimwambia: huo ni waswasi, dawa yake ni kutoufuata, ukishatia udhu mara moja usirudi hata moyo ukipiga kelele. Kaka alijaribu siku mbili akashindwa. Mtalishika hilo neno la ustaadh, nitalirudia chini.

Kiswahili chetu hapa kinatuponza kidogo. Tunasema "nina wasiwasi" hata basi likichelewa, kwa hiyo mtu akikwambia ana ugonjwa wa waswasi unaona anakuza mambo. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana zamani sana. Abu Zayd al-Balkhi, msomi aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi na humo waswasi akauweka peke yake, mbali na huzuni, hofu na hasira. Wataalamu wa leo wanauita kwa herufi tatu, OCD. Tafiti za nchi mbalimbali zinataja kati ya mtu 1 na 3 katika kila 100 kuupata wakati fulani wa maisha. Piga hesabu mwenyewe, kwenye kata yenye watu 10,000 hao ni 100 mpaka 300. Wako wapi? Wako bombani wananawa, na hakuna anayesema, maana kibongo bongo ukitaja ugonjwa wa akili unaambiwa "peleka Mirembe", basi, mjadala umekwisha.

Haya, turudi kwenye sumaku.

Ile video si uongo. Mashine ipo kweli. Chimbuko lake ni mwaka 1985 huko Sheffield, Uingereza, mtaalamu anaitwa Anthony Barker na wenzake walipoweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme kwa ghafla, na mkono wa yule mtu ukaruka wenyewe. Hawakumgusa, hawakumpasua. Wataalamu wanaiita TMS.

Inafanyaje kazi? Waliosoma fizikia kidato cha nne wakumbuke dainamo ya baiskeli. Ndani ya dainamo kuna sumaku na waya. Gurudumu likizunguka, sumaku nayo inazunguka, umeme unazaliwa kwenye waya, taa inawaka. Ukisimama, taa inazima. Sumaku bado imo mle mle, nguvu yake haijapungua, ila haibadiliki tena, kwa hiyo umeme hakuna. Hiyo kanuni Michael Faraday aliionyesha tangu 1831. Sasa TMS ni dainamo iliyopinduliwa. Umeme mkali unapita kwenye koili kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, sumaku inazaliwa na kufa hapo hapo, inapenya fuvu, na kule kupanda na kushuka kwake kwa ghafla ndiko kunakozaa umeme mdogo ndani ya ubongo. Zile kelele za ta-ta-ta ni koili inagonga. Mgonjwa yuko macho, hachomwi sindano ya usingizi, anawekewa vizibo vya masikio. Tofauti kabisa na ule umeme wa kichwa tunaouona kwenye filamu.

Nimekaa sana kwenye dainamo kwa sababu maalumu. Siku ya gulio hapa kwetu alipita jamaa kavaa tai, ana begi, anauza bangili ya sumaku kwa shilingi 120,000. Anasema inasafisha damu na kutuliza ubongo, na akaonyesha video ile ile ya baba mdogo kwenye simu yake kama ushahidi! Mama alikuwa tayari ameshafungua kibindo. Wadau, bangili ni baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Sumaku imetulia, haizai umeme wowote kwenye kiwiko wala kichwani. Na hata wale wanaokushikisha kijiti cha chuma kisha kompyuta inatema karatasi ya magonjwa kumi na wanaiita kipimo cha sumaku, hiyo nayo haina uhusiano wowote na TMS. Nilimwuliza yule jamaa kama bangili yake imesajiliwa TMDA (ile iliyokuwa TFDA kabla ya 2019), ambayo ndiyo inasimamia vifaa tiba nchini. Akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamjibu, akacheka, akafunga begi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo mkono wangu wa kikaoni ulipoanza kushuka.

Mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine ya kampuni ya Israeli iitwayo BrainsWay itumike kwa ugonjwa huu wa waswasi. Kabla ya hapo, mwaka 2008, TMS ilikuwa imeruhusiwa kwa sonona. Ruhusa ya 2018 ilisimama hasa juu ya jaribio moja la watu wapatao 100 kwenye vituo 11. Nusu walipata mashine ya kweli, nusu walivishwa helmeti ya geresha, inapiga kelele na kugusagusa ngozi lakini haifanyi kitu ndani, na mgonjwa hajui yuko upande gani. Wiki sita, vipindi 29, kila kipindi mapigo 2,000. Matokeo: kwenye mashine ya kweli watu 38 katika kila 100 walipata nafuu. Kwenye geresha, 11 katika kila 100.

Soma tena. Thelathini na nane. Maana yake 62 katika 100 hawakufika hata hapo. Na "nafuu" si kupona. Ugonjwa huu unapimwa kwa maswali yenye alama 0 mpaka 40, na aliyehesabiwa kupata nafuu ni yule aliyeshuka kwa asilimia 30 au zaidi. Yaani kama kaka ana alama 28, akishuka hadi 19 au chini ya hapo anaingia kwenye wale 38. Kwa 19 bado anarudi kwenye kufuli, ila pengine mara tano badala ya kumi na tano. Sisemi ni kidogo. Kwa aliyekuwa anapoteza saa sita kwa siku, kurudishiwa saa mbili ni jambo kubwa. Lakini yule dada wa kwenye video anawakilisha waliobahatika, na sisi tulikuwa tunauza shamba tukidhani wote wako kama yeye.

Kingine, wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Marekani waliruhusu 2018. Uingereza, nchi iliyozaa mashine yenyewe, taasisi yao ya kupima tiba iitwayo NICE ikatamka mwaka 2020 kwamba usalama hauna tatizo kubwa, lakini ushahidi wa kufanya kazi kwa ugonjwa huu bado hautoshi kwa wingi wala ubora, kwa hiyo itumike kwenye utafiti tu. Ushahidi ule ule, majibu mawili. Barani kwetu nako haijapuuzwa: Chuo Kikuu cha Assiut kule Misri kina watafiti wanaoifanyia kazi TMS miaka mingi, na mwaka 2016 walichapisha jaribio lao la wagonjwa wa waswasi. Kwa hiyo si tiba ya kizushi. Ni tiba changa.

Usalama kweli si mbaya. Wengi wanaumwa kichwa kidogo, na kifafa cha ghafla hutokea kwa nadra, chini ya mtu 1 katika 1,000. Mwenye chuma ndani ya kichwa au kifaa cha umeme mwilini hatakiwi kukaribia.

Lakini kilichonibadilisha kabisa si zile asilimia. Ni kujua wale watu 100 walikuwa akina nani. Walikuwa watu ambao tayari walishatibiwa na hawakupata nafuu ya kutosha. Wengi walikuwa bado wanaendelea na vidonge vyao wakati wanavishwa helmeti. Yaani sumaku ni ngazi ya tatu. Ngazi ya kwanza na ya pili zipo, na kaka yangu katika miaka yote hii hakuwahi kukanyaga hata moja!

Ngazi ya kwanza ni vidonge. Si vya usingizi. Kuna klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mahsusi kwa ugonjwa huu. Kuna fluoksetini na setralini, ambazo wengi wanazijua kwa sonona. Ni dawa za zamani, si za matajiri. Tatizo ni namna ya kuzitumia. Kwa waswasi dozi mara nyingi hupandishwa kuliko ya sonona, na inabidi kusubiri wiki 8 mpaka 12 ndipo useme imefanya kazi au haijafanya. Mtu wa kwetu akimeza wiki tatu haoni kitu, anatupa, anarudi kwa bibi. Asipoambiwa mapema na aliyempa dawa, utamlaumu?

Ngazi ya pili ndiyo iliyonishangaza. Haina dawa wala mashine. Mwaka 1966 daktari wa saikolojia London, Victor Meyer, aliandika habari za wagonjwa wawili ambao aliwasogeza makusudi karibu na kile wanachokiogopa kisha wakazuiwa kukifuata kitendo chao. Shika kilicho kichafu, usinawe. Hofu inapanda, inapanda, halafu kama hujaitii inashuka yenyewe. Kesho tena, kesho kutwa tena, kwa hatua. Leo hiyo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotegemewa kuliko zote kwa ugonjwa huu.

Umeona? Ni lile neno la ustaadh! Usilifuate, usirudie. Alikosea kitu kimoja tu, alimwambia kaka aanze na mlima mzima kwa siku moja, bila mtu wa kumshika mkono. Wataalamu wanaanza na kichuguu.

Na hata mashine yenyewe imeegemea hapo hapo. Kwenye lile jaribio, kabla ya kila kipindi mgonjwa alichokozwa makusudi, anaonyeshwa au anaulizwa kitu cha kuamsha waswasi wake, ndipo koili inawashwa. Kwa maelezo yao, kuna mzunguko ndani ya ubongo unaotakiwa kusema "imetosha, nenda", na kwa mgonjwa umekwama, kama lango la mfereji lililong'ang'ania likiwa wazi, maji yanamwagika jaruba lile lile usiku na mchana. Wanataka mzunguko huo uwe unafanya kazi pale sumaku inapoupiga. Kwa hiyo anayekuuzia helmeti bila mtu anayejua kukaa na mgonjwa na kuuamsha waswasi kwa taratibu, kakuuzia nusu ya tiba.

Sasa gharama. Marekani mzunguko mmoja wa vipindi hutajwa kati ya dola 6,000 na 12,000, yaani kuanzia milioni 15 za Kitanzania kwenda juu. India iwe nafuu kiasi gani, bado kuna vipindi 29, karibu kila siku, wiki sita. Nani anakaa naye? Analala wapi, anakula nini? Halafu alama zikipanda tena baada ya mwaka, tunauza shamba lipi? Hili swali aliliuliza shangazi kwenye kikao na wote tukamwona mkorofi. Shangazi, samahani, ulikuwa mbele yetu.

Kuna mdau atasema naitetea serikali isinunue mashine. Hapana bana. TMS ni bei ya chini sana ukilinganisha na MRI, na MRI tunazo nchini. Nataka siku moja iwepo hospitali kubwa ya rufaa, Muhimbili au KCMC, kwa ajili ya wale waliopanda ngazi mbili wakakwama, na bima ilipie. Watu hao wapo na wanateseka. Ila mashine ikija leo, nani ataandika rufaa kutoka huku? Kabla hujafika kwenye helmeti lazima kuwe na mhudumu mmoja kwenye kituo cha afya anayejua kuuliza swali: "Je, kuna jambo unalirudia rudia ingawa unajua halina maana?" Swali hilo ni bure. Kaka aliulizwa kwa mara ya kwanza mwaka huu, na daktari mmoja Moshi, baada ya miaka tisa ya kuhangaika. Miaka tisa, jamani.

Na tusiseme tiba ya akili ni mambo ya mbali yasiyotuhusu. Lutindi, kule milima ya Usambara upande wa Korogwe, si mbali na sisi, Walutheri walianza mwaka 1896 kama kimbilio la watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 pakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Nchi ina Sheria ya Afya ya Akili tangu 2008. Muhimbili wanasomesha madaktari bingwa. Kinachokosekana ni watu wa kati, wa kukaa na mgonjwa kila wiki huku chini. Zimbabwe Dkt. Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi na wagonjwa wa sonona na kuongea nao kwa utaratibu maalumu, jaribio lao likachapishwa 2016 na lilionyesha nafuu ya kweli, na mpango ukafika mpaka Zanzibar. Ile ni sonona, si waswasi, najua. Lakini kama bibi anaweza kufundishwa hilo, muuguzi wa kata anashindwaje kufundishwa kumsimamia mtu asinawe kwa nusu saa?

Kikao tulikirudia wiki iliyopita. Shamba halijauzwa. Baba mdogo kanuna kidogo lakini kakubali ile hela aliyotaka kuchangia iende kwenye nauli za Moshi kila mwezi na vidonge. Kaka yuko wiki ya saba. Zoezi lake tunalifanya wawili: tunaingia jarubani asubuhi, anachafuka mikono, tukitoka hanawi mpaka nimalize kunywa chai. Siku ya kwanza nilikunywa chai kwa dakika mbili, alikuwa anatetemeka. Sasa hivi nakunywa kwa dakika ishirini na chai inapoa. Kufuli bado. Juzi alirudi mara sita.

Kikao kingine ni baada ya mavuno, na India haijafutwa kwenye ajenda, imesogezwa tu. Kama kuna mdau ambaye yeye au ndugu yake ameshavishwa ile helmeti, India, Misri, Afrika Kusini au popote, naomba aandike hapo chini: alilipa ngapi, alikaa wapi, na baada ya wiki ya sita hali ikawaje. Mama anasubiri nimsomee.